Pete Nyekundu Sita

Niliwaacha mimi nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho kwenye mashine ya kuangulia mayai, naomba dua ambayo sina hakika kama ilivuka hata bati la banda. Wengi mmeniandikia tangu siku hiyo. Mmoja ameniambia mimi ni mjinga. Nakushukuru, ndugu yangu, ila umechelewa. Mama yangu mzazi alishaniambia zamani.

Kwa aliyeingia leo, nieleze upesi.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kazi kiliungua, cherehani na vitambaa vya watu vikateketea humo humo, mimi na mke wangu tukahamia kwa mama yake. Mwanaume kuishi ukweni si jambo la kutangaza, lakini mama mkwe hajanisimanga hata siku moja. Ni mkunga mstaafu. Amezalisha wanawake miaka thelathini na moja, na alipostaafu akaanza kuzalisha kware.

Si hawa kware mnaowajua, unamtia mdomoni mzima na bado una njaa. Wa kwake ni mabonge. Kila kizazi kikifika siku ya arobaini na mbili anawapima mmoja mmoja, asubuhi, kabla hawajala. Anamtumbukiza ndege kwenye soksi asirukeruke, anamlaza juu ya mizani ya jikoni, anaandika kwenye daftari. Wakubwa wanabaki kwa mbegu. Wadogo wanakwenda sufuriani. Vizazi tisa amefanya hivyo bila kuruka hata kimoja, mpaka kware wake wakawa karibu mara mbili ya wa watu wengine, na mayai yao ukiyashika unadhani ni ya kuku mdogo.

Tena amewagawa familia mbili. Kifaranga akianguliwa tu anavishwa pete mguuni, nyekundu au ya bluu, kufuata familia ya mama yake. Madume wa bluu wanaingia kwa majike wekundu, na wekundu kwa majike wa bluu. Kaka kwa dada, hapana. Asilani.

Sasa sikilizeni kosa langu. Yeye na mke wangu walikwenda msibani siku tatu. Huku nyuma nikatembelewa na baba yangu mdogo na shangazi zangu wawili. Walikuja kuona kijana wao anavyofugwa na mwanamke. Nikataka waone mimi si mgeni pale. Nikaingia bandani, nikachagua wanono kuliko wote, nikachinja sita. Mtu mwenye akili timamu anakula mkubwa, anamwacha mdogo akue. Si ndivyo? Basi kwa mama mkwe ni kinyume.

Niligundua wakati nafagia manyoya. Pete sita, zote za bluu. Nilikuwa nimewapikia wageni wangu madume wote wa bluu wa mbegu ya kizazi cha kumi.

Hapo ningenyamaza nikasubiri adhabu, ingekuwa nafuu. Nikachukua madume sita wekundu kutoka kwa wale wadogo waliokuwa wanangoja sufuria, nikawavua pete zao, nikawavisha za bluu. Zile nyekundu sita nikazificha kwenye kopo langu la vifungo. Mama mkwe aliporudi nikamwambia wageni wamekula wale wadogo. Akanisifu. Kisha akawashika madume, akakunja uso.

"Mbona wamepungua hivi?"

"Hata kware wanajua msiba, Mama."

Akacheka mpaka akafuta machozi. Akawaingiza kwa dada zao. Mke wangu sikumwambia neno.

Haya. Tuendelee.

Jumanne ilikuwa siku ya kumi na nane ya mayai mashineni. Mama mkwe alivaa aproni yake nyeupe, ile aliyoondoka nayo hospitali, akafungua mashine. Mayai yalikuwa mia na ishirini. Kwa kawaida yake hupata vifaranga tisini na kitu.

Walikuwa ishirini na tisa. Tisa kati yao miguu imekwenda pembeni, wanajikokota kwa kifua.

"Wengine wako wapi?" nikauliza, unafiki mtupu.

"Niletee sahani."

Nikaleta. Akaanza kuvunja yale yaliyobaki, moja moja, taratibu.

"Tupu," anasema. "Tupu. Huyu amefia ndani. Tupu. Tupu. Huyu naye."

"Labda mashine imeharibika, Mama."

"Mashine hii hii imeangua mayai ya upande wa pili wiki jana, vizuri kabisa."

"Labda chakula basi."

"Chakula ni kimoja." Akaniangalia. "Umeme ulikatika?"

Angalia nilivyofunguliwa mlango! Ningesema ulikatika, yangeisha. Lakini jirani ana redio inayopiga kelele kutwa, umeme ukikatika nayo inazimika, na mama mkwe hana masikio ya mapambo.

"Haukukatika," nikasema.

"Basi niletee madume."

Nikawaleta kwenye kikapu. Akamchukua wa kwanza, akamgeuza chali kiganjani, akampuliza manyoya chini ya kidevu. Akamweka. Akamchukua wa pili, akampuliza. Wote sita.

"Wana baka jeupe," akasema. "Familia nyekundu ndiyo yenye baka jeupe kidevuni, tangu kizazi cha kwanza. Hawa ni wekundu."

Nikajua arobaini zangu zimefika. Nikaanza hata kupanga maneno, nianze na "nisamehe" au nianze na "shetani".

Mama mkwe akakaa juu ya ndoo yangu.

"Nimekosea pete," akasema.

"Mama?"

"Siku walipoanguliwa nimewavisha mimi mwenyewe. Hakuna mkono mwingine ulioshika pete. Nimemvisha wa huyu pete ya yule." Akatazama vidole vyake. "Nilikuwa na akili yangu yote siku ile, mwanangu. Nakumbuka mpaka wimbo uliokuwa unapigwa kwa jirani. Na bado nimekosea."

Ndugu msomaji, hapo ndipo pa kusema. Mdomo niliufungua. Kilichotoka ni hiki:

"Hata wewe ni binadamu, Mama. Umri nao."

Umri nao! Mtu mzima nikasema hivyo, mbele ya sahani ya mayai yaliyokufa kwa mkono wangu.

Vifaranga walikuwa wanalia kwenye boksi.

"Miaka thelathini na moja," akasema, "sijakata kitovu kabla sijafunga utepe kwenye mkono wa mtoto. Wenzangu walikata kwanza. Mimi hapana. Kuna siku nilipokea watoto kumi na mmoja, peke yangu, na hakuna mama aliyetoka pale na mtoto asiye wake." Akageuza ganda moja sahanini. "Au walitoka? Kama hizi pete nimekosea na sikujua, zile tepe nitajuaje?"

Mnaona jambo lilipofika? Mimi niliiba nyama. Kumbe nilikuwa nimeiba na miaka thelathini na moja ya mtu.

Jumatano hakuingia bandani. Alikaa sebuleni, anahesabu kwa vidole. Watoto wa mwashi, wale mapacha. Binti wa dereva wa lori. Mtoto wa saba wa mwenye kinu.

Alhamisi mlango uligongwa kwa fujo. Alikuwa muuza mboga wa kona, kitenge kimemlegea kiunoni kwa hasira.

"Mko wapi? Mama Mkunga yuko wapi?"

"Kuna nini, dada?"

"Kuna nini? Asubuhi amenisimamisha mbele ya wateja, mbele ya mume wangu, ananiuliza huyu mwanangu wa tatu anafanana na nani! Ananiuliza kama nina hakika ni wangu! Mume wangu tangu saa hiyo ananitazama kwa pembe ya jicho. Anataka kunivunjia ndoa?"

"Hakukusudia mabaya..."

"Mtoto nimemzaa mimi, uchungu nimeusikia mimi! Mwambieni akapumzike. Amezeeka!"

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. Alisikia yote. Hakujitetea, na yeye ni mtu ambaye hata bei ya chumvi huijadili. Alirudi chumbani, akampigia simu mwanawe wa kwanza.

"Njoo unichukue," nikamsikia anasema. "Ulichokuwa unasema tangu mwaka jana ni kweli. Njoo tu."

Huyo mwanawe, shemeji yangu, ni mwalimu mkuu wa shule. Mtu mwema, lakini hata salamu anakupa kwa ratiba. Tangu mama yake aunguze sufuria moja ya maharage mwaka jana, anasema akili yake imeanza kuchoka na asiachwe na mifugo. Ameshamtengea chumba kwake, ghorofa ya tatu. Huko hata kifaranga mmoja haruhusiwi.

Ijumaa sikula. Mke wangu alikuwa anashona kishati cha mtoto, mimba yake miezi saba, kitambaa amekilaza juu ya tumbo kana kwamba ni meza.

"Vifungo vyeupe viko wapi?" akaniuliza.

"Nitakutolea."

"Nina mikono. Si viko kwenye kopo lako?"

"Nimesema nitakutolea!"

Akanitazama. Mwanamke uliyelala naye miaka minne akikutazama vile, jua amefungua faili. Nikamtolea vifungo vinne, kopo nikalirudisha juu ya kabati. Pete zilikuwa chini kabisa. Nilizigusa kwa kidole.

Jumamosi saa tano na nusu Mwalimu Mkuu alifika na pikapu na boksi mbili za vitabu, tupu. Akatukalisha sebuleni.

"Mama, nina maswali machache. Usiudhike. Leo siku gani?"

"Jumamosi."

"Tarehe?"

Akaitaja.

"Mwaka jana mwezi huu ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Kizazi cha pili kilikuwa kinaanza kutaga. Hapana, cha tatu." Akatazama mikono yake. "Cha pili au cha tatu. Daftari liko wapi?"

"Bila daftari, Mama."

"Bila daftari sijui, mwanangu."

Sauti yake ilikuwa ndogo, na mwanawe akageuza uso dirishani. Mnaweza kumchukia, lakini mimi nilimwona anauma mdomo asilie. Kizazi kilikuwa cha tatu. Hata mimi nilijua, maana daftari lile nimelisoma sana siku hizi, natafuta mahali pa kujifichia.

Akajikaza. "Basi ni hivi. Mwenye hoteli anakuja saa sita kuchukua ndege wote. Wote, wa mbegu na wasio wa mbegu. Banda litavunjwa. Na wewe, shemeji," akanigeukia, "nakushukuru kwa ulivyomtunza mama. Wewe na Kitinda mtabaki na nyumba hii. Hakuna wa kuwaondoa. Huyo mtoto azaliwe kwao."

Kitinda ndiye mke wangu, kitindamimba wa mama mkwe. Alishika tumbo, akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. Nadhani tangu moto ule hajawahi kupumua vile.

Nami nimekula ndege wa watu, nimemtia mama wa watu wazimu usio wake, kisha napewa nyumba. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imetiwa lami.

Mama mkwe akainuka, akaja na mizani. Juu yake zile soksi, amezifua, amezikunja mbili mbili.

"Chukua, mwanangu. Mtoto akizaliwa mpimeni kwa hii. Lakini ampime mwingine, mimi msinipe." Akajaribu kutabasamu. "Na utepe afunge mwingine."

Nikashindwa. Jamani nilishindwa. Nilipiga magoti sakafuni, mizani ikanidondoka.

"Mama, hukukosea!"

"Inuka, mwanangu."

"Sisimami. Hukukosea pete, Mama. Ni mimi. Siku ya msiba niliwachinja madume wa bluu, nikawapikia wageni wangu. Nikawavisha wale wadogo wekundu pete za bluu ili usijue. Pete zako zote zilikuwa sawasawa. Na tepe za watoto zilikuwa sawasawa. Akili yako ni nzima, Mama, mwizi ni mimi!"

Nikasikia saa ya ukutani. Nikangoja kofi, tusi, chochote.

Mwalimu Mkuu akatoa leso, akapenga kamasi.

"Shemeji," akasema, "kuna watu wana mioyo."

"Unasema?"

"Mtoto wa tumboni mwangu asingenifanyia hivi," mama mkwe akasema. Alikuwa analia sasa. "Ajitie wizi yeye ili mimi nisione haya. Inuka, mwanangu. Usinidanganye kwa huruma."

"Si huruma! Naapa! Haki ya Mungu nimewala, na mapaja nimeguguna mimi!"

"Ulisema wageni walikula wadogo."

"Nilidanganya!"

"Wewe? Wewe ulirudi sokoni siku ile ukarudisha chenji iliyozidi."

Nikawa kama mtu anayezama huku walio ukingoni wanamsifu anavyoogelea. Ndipo Mwalimu Mkuu, mtu wa hesabu, akauliza swali la maana.

"Haya, tuseme ni kweli. Uliwavua wale wadogo pete nyekundu. Ziko wapi?"

"Zipo!" Nikaruka. "Zipo sita! Ngoja!"

Nikakimbilia chumbani, nikashusha kopo, nikalimwaga lote juu ya kitanda. Vifungo vyeupe, vyeusi, vya suruali, vya koti, pini, zipu iliyovunjika. Nikapekua kwa mikono miwili. Nikatikisa shuka. Nikaingia chini ya kitanda.

Hapakuwa na pete hata moja.

Niliporudi, jasho linanitoka, kila mtu alinitazama kwa huruma kubwa kabisa. Isipokuwa mmoja. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, kile kishati cha mtoto begani, kimeshashonwa vifungo vitano.

Mimi nilimpa vinne.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya tumbo. Wa kulia ameufumba. Katikati ya vidole viwili nikaona kitu chekundu, chembamba, kinajitokeza kidogo tu.

Nikamtazama. Akanitazama. Macho yake yaliniuliza swali moja, wala halikuhitaji maneno: tukifukuzwa hapa, huyu namzalia wapi?

Nje honi ya mwenye hoteli ikalia.

"Kitinda," mama mkwe akasema, "wewe ndiye unayemjua. Hujawahi kunidanganya tangu uzaliwe. Niambie basi, nikuamini. Mumeo anasema kweli, au ananionea huruma?"

Alimwuliza taratibu, na alikuwa amemshika mkono. Ule ule uliofumbwa.

Nilimtazama mke wangu. Machozi yalimjaa, yakakataa kudondoka.

"Anakuonea huruma, Mama," akasema.

Mama mkwe akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa majibu ya daktari na alikuwa ameshayajua. Akaja pale niliposimama, akanikumbatia mbele ya wanawe wote wawili.

"Asante, mwanangu," akaninong'oneza. "Mungu akulipe kwa yote uliyonitendea."